Mishale ya Deo na Mkosi wa Kushoto

Haya, simu mfukoni, masikio hapa. Nyinyi vijana wa Husby na Akalla, hapa Stockholm, mnaonizunguka kila Jumamosi pale uwanjani, "Mama Kavata, mshale wangu unapinda, nifanyeje?", halafu nikiwajibu kwa Kiswahili mnanirudishia Kiswidi, leo nimeamua kuwaandikia ili nisikatizwe. Nimestaafu, mgongo umegoma, lakini mdomo bado unafanya kazi. Ila nawaonya mapema: kama mnatafuta bibi anayejua kila kitu, mmegonga mlango usio wenyewe. Miaka mingi nimesokota nyuzi na kutengeneza pinde katika karakana ya mzee Stellan kule Spånga, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa nimechanganyikiwa.

Watu wakisikia mimi ni Mkamba wa Kitui wanatikisa kichwa: aa, upinde uko kwenye damu. Damu gani! Babu yangu alikuwa na upinde, ni kweli, na mimi mtoto wa kike nilikatazwa hata kuugusa. Nilichojua mimi ni kusuka kiondo. Nilikuja Stockholm kama mke wa mwanafunzi, nikapata kazi ya kufagia ukumbi wa michezo, na karakana ya Stellan ilikuwa chini ya ukumbi huo huo. Siku moja alinikuta nimekaa kwenye ngazi, nimekunja sketi, nasokota uzi wa kufungia fagio juu ya paja, vile mama yangu alivyosokota mkonge. Akasimama mdomo wazi. Akaniuliza kama ninaweza kufanya vile tena, polepole. Nikafikiri nitafukuzwa kazi kwa kukaa kwenye ngazi. Kumbe mzee alikuwa anatafuta mtu wa kumsokotea nyuzi za pinde, na wiki iliyofuata nilikuwa mezani kwake.

Upinde wa kwanza alionionyesha nilidhani ni baiskeli iliyogongwa na lori. Magurudumu juu na chini, nyuzi zinapita huku na kule, skrubu kila mahali. Stellan akanieleza: magurudumu hayo ndiyo yanayokusaidia. Ukivuta, mwanzo ni mzito, halafu ghafla unakuwa mwepesi, unaweza kuushikilia umelenga mpaka mnyama ageuke vizuri. Nikasema ndiyo, ndiyo. Sikuelewa hata nusu. Nilielewa baada ya kuufungua na kuufunga mara nyingi, vidole vimevimba, huku mzee akinywa kahawa na kuniangalia kama mtu anayetazama mpira.

Sheria yake ya kwanza, na hii shikeni hata mkisahau mengine yote: usiachie uzi kama hakuna mshale. Nguvu ile lazima ibebwe na kitu. Alikuja jamaa mmoja, mkubwa mwenye mabega, na mchumba wake. Kabla hatujasema neno amechukua upinde ukutani, akavuta, akaachia hewa tupu. Pah! Mikono ya upinde ikapasuka, uzi ukaruka, jamaa akabaki ameshika mpini kama mtu aliyeng'oa usukani wa gari. Mchumba akacheka mpaka akakaa chini. Sijui kama walioana.

Sheria ya pili: anza na mishale, si upinde. Kila mtu akikosa analaumu upinde. Chukua mshale, uzungushe juu ya kucha zako mbili huku unapuliza. Ukicheza, umepinda, weka pembeni. Ipime mishale yote kwenye mizani ndogo ya jikoni, au ile ya kupimia dhahabu ikiwezekana, iwe sawa. Tazama kama wano, yaani ule mti wa mshale, ni gumu kiasi cha kufaa nguvu ya upinde wako, maana wano laini kwenye upinde mkali linajikunja likitoka, nawe utabaki unasema umerogwa. Kisha weka karatasi kwenye fremu, simama karibu, upige mshale upite katikati yake. Karatasi haina adabu ya kuficha. Ukiona tundu moja safi na mikwaruzo ya manyoya kuizunguka sawasawa, mshale umetoka umenyooka. Ukiona mpasuko mrefu kwenda upande, kuna kitu. Hapo unasogeza kikalio, kile kijinome cha upinde ambacho mshale hulala juu yake, kidogo sana, unywele mmoja, si kucha nzima. Halafu unapiga tena.

Mwisho unaweka vigumba vya kuwindia, vile vichwa vya mshale vyenye makali, na kuona kama vinafika mahali pamoja na vile vya mazoezi. Hapo ndipo watu hulia. Kigumba chenye makali kina mabawa, kinashika upepo, na kosa dogo ambalo mshale wa mazoezi ulilimeza, chenyewe kinalitapika hadharani. Kikienda kushoto kuliko vya mazoezi, sogeza kikalio kulia. Kidogo!

Sasa nimesema hayo yote kama mtaalamu, sivyo? Basi sikilizeni habari ya Deo.

Deo ni Mkongo wa Bukavu, dereva wa basi, anakaa Tensta. Alimwoa Annika, Mswidi, na babake Annika, mzee Bengt, ana msitu wa urithi upande wa Finland. Wakati huo hapa Sweden kuwinda kulungu kwa upinde hakukuruhusiwa, kwa hiyo wenye hamu walipanda meli. Kila vuli familia nzima ilivuka kwenda kuwinda wale kulungu wenye mkia mweupe. Na mzee Bengt alikuwa na sheria yake, juu ya ile ya serikali. Jioni ya kuamkia windo, kila anayetaka kubeba upinde alisimama mbele yake, hatua za kutosha kutoka kwa shabaha, akapiga mishale mitatu yenye vigumba vya makali ndani ya duara la ukubwa wa kisahani cha kahawa. Mmoja ukitoka nje ya kisahani, kesho yake unabeba chupa za chai. Hana maneno mengi mzee huyo. Alisema tu kwamba kulungu si gunia la majani. Mshale ukikosa kwa kiganja kimoja, mnyama anakimbia na maumivu siku nzima na huenda usimpate.

Deo alikuwa amebeba chupa za chai misimu miwili mfululizo. Na safari hii mzee alikuwa ametangaza kwamba ni windo la mwisho, magoti yamechoka, msitu utakodishwa kwa watu wengine.

"Mama," Deo aliniambia, amesimama mlangoni na upinde wake kifuani, "nikikosa tena, kwa ile famiye nitabakia mubeba chai mpaka kufa. Watoto yangu watasema papa alikuwa wa kubeba chai."

"Kwani kubeba chai ni dhambi?" nilimtania.

"Si dhambi. Lakini mushemeji wa Annika, ule wa Uppsala, yeye anapiga muzuri, na anakuwaka ananipa chupa yake na anacheka."

Hapo nikaacha utani. Kijana alikuwa ameumia.

Nikachukua upinde wake. Nikaupima, nikaangalia magurudumu kama yanafika mwisho pamoja, nikaangalia uzi, nikazungusha mishale. Tukapiga karatasi: tundu safi, ungedhani limetobolewa na fundi viatu. Tukaweka vigumba vya makali. Deo akapiga mitatu, yote ikabanana kwenye kisahani mpaka nikamzuia asipige wa nne asije akavunja mishale yake mwenyewe. Akanikumbatia. Nikamwambia nenda kawaonyeshe.

Mwisho wa wiki walivuka kwenda kurekebisha majukwaa ya kuvizia, na mzee akawaacha wajaribu. Jumatatu Deo karudi, uso umekunjamana.

"Gauche," akasema. "Kushoto. Yote tatu, kushoto."

"Ulikuwa na woga."

"Mama, woga inajua kushoto peke yake?"

Lilikuwa swali zuri. Nikamwambia apige pale pale. Katikati. Katikati. Katikati. Nikamwangalia mkono, nikamwangalia vidole, nikamwangalia mpaka miguu. Nikapiga mimi mwenyewe. Katikati. Nikaanza kutilia shaka meli. Nikamuuliza kama upinde ulilala kwenye gari lenye baridi. Nikabadilisha uzi. Nikabadilisha kikalio. Nikampa mishale migumu zaidi. Nikalegeza, nikakaza. Mchungaji wangu akisoma hapa anisamehe: niliuombea ule upinde, nikauwekea mkono. Kila nilichofanya, pale karakanani ulipiga katikati, kabla na baada, na hilo ndilo lililonitia wazimu. Utamtibuje mgonjwa ambaye akifika kwako ni mzima?

Nikampigia simu Stellan, ambaye wakati huo alishaniachia karakana na kujikalia kwake na paka wake.

"Umebadilisha nini?" akaniuliza.

"Kila kitu!"

"Basi hujui chochote," akasema. "Badilisha kitu kimoja, kunywa kahawa, piga. Kitu kimoja, kahawa, piga." Akakata simu. Ndivyo alivyokuwa, mkali bila kupandisha sauti. Niliirusha simu kwenye kiti, nimekasirika, kwa sababu alikuwa sahihi na mimi nilikuwa nimeshakunywa kahawa yote.

Deo akavuka tena mwisho wa wiki uliofuata. Safari hii hakunipigia simu. Alikuja moja kwa moja kutoka bandarini, upinde mkononi, ana hasira mpaka hakusalimu, na kwetu mtu asiposalimu jua kuna msiba.

"Tena?" nikamuuliza.

"Tena. Mama, uza hii kitu. Nipe ya kuvua samaki."

"Piga."

"Sitaki."

"Deo, mwanangu, piga mshale mmoja mbele yangu hivyo hivyo ulivyo na hasira zako."

Akavuta, akaachia. Mshale ukaenda kushoto, kiganja kizima!

Nilipiga vigelegele. Mteja mwingine aliyekuwa pale, Mswidi mpole, akaruka. Lakini mnaelewa furaha yangu? Ugonjwa ulikuwa umejitokeza kliniki. Nikamnyang'anya upinde kabla haujapona, nikapiga mimi. Katikati. Aah! Deo, jasho linamtoka, akavua koti, akachukua upinde, akapiga. Katikati. Tukatazamana. Akapiga tena, katikati tena.

"Imekimbia," akasema.

"Imekimbia wapi? Ilikuwa hapa sasa hivi!"

Tulipiga, tukabadilishana, tukatazama dari, tukatazama sakafu. Mswidi akapendekeza labda ni upepo wa mlango. Tukafunga mlango. Mwishowe nilichoka, nikamwambia nenda nyumbani ukalale, kesho ni siku. Deo akavaa koti lake, akachukua upinde, halafu mlangoni kabisa akageuka, kwa uchungu tu, akapiga mshale wa mwisho.

Kushoto.

Hapo ndipo nikaliangalia lile koti kwa mara ya kwanza. Ni koti la sufu la kijani, zito, mikono mipana, linanuka moshi na msitu. Sikuwa nimewahi kuliona. Kwangu alikuwa anakuja na shati lake la kazi, basi. Nikasikia Stellan kichwani: kitu kimoja. Nikaenda kwenye kabati letu la chai, nikatoa unga wa ngano, nikaupaka kwenye uzi wa upinde, nikamwambia apige. Akapiga. Nikamshika mkono wa kushoto, ule unaoshika upinde, nikautazama kwenye taa. Pale chini ya kiwiko, kwenye mkunjo wa koti, mstari mweupe.

"Uzi unagusa koti," nikasema. "Ukitoka, unalamba mkono wa koti, unasukumwa, na mshale unakwenda kushoto. Yesu wangu! Ni koti! Kule huwa unalivaa?"

"Kila mara."

"Na hapa hujawahi kulivaa kwa nini?"

"Annika hapendi harufu yake, koti inabakia kwa motokari ya mukwe. Leo nilisahau kutoa juu ya hasira."

"Basi dawa rahisi. Kule ukipiga, livue."

Akaniangalia kama nimemtukana mamake. "Mama Kavata. Ile koti alinipa mukwe."

Akanieleza. Mwaka wa kwanza wa ndoa mzee Bengt hakumsemesha karibu kabisa. Si kwa chuki, ni mtu wa kimya tu, lakini Deo alijua kuhesabu kimya. Halafu vuli ilipofika, msituni, mbele ya familia nzima, mzee akavua koti lake mwenyewe na kumwekea mabegani. Akasema, "Sasa hutapata baridi." Basi. Kwa Waswidi lilikuwa koti tu. Kwa Deo, kijana ambaye baba yake alikufa Bukavu bila kumwona akioa, ilikuwa mahari imepokelewa na baraka zimetolewa.

"Sasa nitosheje, nivueje koti ya mukwe mbele ya mukwe? Hapana. Heri kubeba chai."

Nikashika mkasi. "Nipunguze basi mkono, kidogo tu, atajua nani?"

Akalikumbatia koti, akarudi nyuma hatua kadhaa. Alikuwa tayari kunipiga, naapa.

Ningeweza kumwita mjinga. Mswidi yule mpole, macho yake yalimwita hivyo. Lakini na mimi nina wakwe, najua. Nikavua soksi yangu ndefu, ile ya sufu ya baridi, nikaikata mguu, nikamvalisha juu ya mkono wa koti kutoka kiganjani mpaka karibu na kiwiko, imebana mikunjo yote. Nikamwambia nyoosha kiwiko nje kidogo, usikikaze. Unga tena kwenye uzi. Akapiga. Katikati, na koti safi. Nilirudi Husby mguu mmoja hauna soksi, ni Novemba, na nilikuwa nacheka peke yangu kwenye treni mpaka mama mmoja akahama kiti.

Jioni ya kisahani simu ikalia. Sikusikia maneno mwanzoni, kelele tupu. "Zote tatu! Mama, zote tatu ndani!" Nikapiga kelele na mimi, majirani wakagonga ukuta. Kesho yake alibeba upinde. Na aliyembebea chai ni ule wa Uppsala, mshale wake mmoja ulitoka nje ya kisahani.

Hadithi ningeimalizia hapo, ni tamu. Lakini Jumatatu, nimeinama kwenye meza yangu, mlango ukafunguka, akaingia mzee mrefu mwenye fimbo. Mkononi sanduku la upinde, la zamani, lina vumbi. Begani lile koti la kijani, ameliazima kwa Deo.

"Wewe ndiye Kavata?" akasema. Hawa Waswidi hawakuiti mama wala bibi, jina tu. "Mimi ni Bengt. Deo amenieleza habari ya unga."

Nikamkaribisha kiti, akakataa. Akaliweka sanduku mezani kwangu.

"Nilikuwa napiga," akasema. "Nilikuwa hodari. Halafu mke wangu akanishonea hili koti, na mwaka huo huo nikaanza kukosa. Mwaka uliofuata nilimjeruhi kulungu. Tulimtafuta, hatukumpata. Nikasema ni macho, ni uzee. Nikaacha. Ndipo nikaweka sheria ya kisahani, mtu mwingine asije akafanya nilichofanya." Akaugusa mkono wa koti. "Mshale wangu ulikuwa unakwenda kushoto."

Ningesema nini, watoto wangu? Kwamba pole? Kwamba mkewe alishona vizuri mno?  Nikafanya kile ninachojua. Nikafungua sanduku, nikatoa upinde, nikaweka uzi mpya, nikaupaka unga. Akavaa koti, akavuta kwa shida, akaachia. Kushoto. Mstari mweupe ukabaki pale pale mkunjoni. Aliutazama, akaupangusa kwa kidole, uso mkavu kabisa.

Nikaikata soksi ile nyingine, pacha ya ile ya Deo, nikamvalisha juu ya mkono wa koti. Akavuta tena.

Mshale ukaingia katikati, na mzee akashusha upinde akalia, mabega yanatikisika, kama mtoto. Nimewaza miaka yote hii na bado sielewi: ule uliokosa aliutazama macho makavu, akalia kwa ule uliopata. Nyinyi vijana mkija kuelewa, njooni mniambie, hata kwa Kiswidi.